Mashine gani ya presha inafaa kuoshea magari nyumbani kwa maji ya simtanki?

MkaziWaGoba

Habari za jioni, ndugu zangu. Naomba ushauri kabla sijafungua pochi.

Ninakaa Goba, Dar es Salaam, mahali ambapo lami inaishia kwenye duka la kona, na mita zipatazo mia nane zinazobaki hadi getini kwangu ni vumbi wakati wa kiangazi na matope wakati wa masika. Nina magari mawili: Toyota IST ninayokwenda nayo kazini kila siku, na Noah inayobeba familia siku za mapumziko. Mwezi uliopita nilikaa nikapiga hesabu ya fedha ninazowapa vijana wa kuosha magari, shilingi 10,000 kwa Noah na 7,000 kwa IST, tena baada ya kusubiri foleni karibu saa nzima kila Jumamosi, nikaona kwamba mashine yangu mwenyewe ingejilipa kabla mwaka haujaisha.

Jumamosi iliyopita nikaenda Kariakoo. Muuzaji wa kwanza alinionyesha mashine ya bar 200 akaniambia kwamba "hii inang'oa mpaka kutu", na sikujua kama hilo ni sifa au onyo. Wa pili alisema hizo kubwa ni za biashara, nichukue ndogo. Wa tatu hakutaka kuzungumzia presha kabisa, alichokazania ni kwamba boksi halijafunguliwa. Bei zilianzia shilingi 230,000 zikapanda hadi karibu 900,000. Boksi moja limeandikwa PSI, jingine bar, jingine MPa, nami nikarudi nyumbani mikono mitupu.

Mazingira yangu ni haya. Maji ya bomba huja kwa zamu, kwa hiyo tunategemea simtanki la lita 2,000 lililo juu ya mnara wa mita tatu hivi. Umeme upo, lakini jioni unashuka kiasi kwamba feni inazunguka kwa uvivu. Soketi iliyo karibu na maegesho iko sebuleni, umbali wa mita 18. Ningependa kujua ni presha kiasi gani itakayoondoa matope bila kuchubua rangi, kama mashine inaweza kufanya kazi kwa maji ya simtanki, na kwa nini mashine mbili zenye presha ileile zitofautiane bei mara tatu.

FundiPampu_Moro

Ndugu wa Goba, umeuliza vizuri kwa sababu umeeleza na mahali ulipo, jambo ambalo wanunuzi wengi hawalifanyi. Mimi ni fundi wa pampu na mota hapa Morogoro. Mezani kwangu wakati huu zimelala mashine nne za aina hii, na tatu kati yake hazikufa kwa uzee: moja iliendeshwa bila maji, moja ilichomwa na waya mwembamba wa ekstensheni, na ya tatu ilimeza mchanga wa kwenye tangi.

Tuanze na lugha ya kwenye boksi, maana wauzaji hupenda kuonyesha namba iliyo kubwa kuliko zote. Bar, PSI na MPa zote ni vipimo vya presha: bar 1 ni sawa na PSI 14.5, na MPa 1 ni sawa na bar 10. Mashine ya PSI 1,600 inayotisha kwa jina ndiyo hiyohiyo ya bar 110. Kisha angalia kama namba hiyo ni ya juu kabisa au ni presha ya kufanyia kazi. Ile ya juu kabisa hutokea kwa nukta tu, ilhali utakayoosha nayo ndiyo ya pili, nayo huwa ndogo zaidi kwa kiasi kinachoonekana. Kama kibao cha chuma au karatasi iliyobandikwa kwenye mashine haina namba ya pili, usisumbuke kulinganisha.

Kwa gari dogo la nyumbani, presha ya kazi ya kati ya bar 80 na 110 inatosha. Kinachosafisha si presha peke yake. Ni presha pamoja na wingi wa maji, kwa kuwa presha ndiyo inayobandua uchafu na maji ndiyo yanayouchukua. Chukua mfano wa K 2, mojawapo ya mashine ndogo za kampuni ya Kijerumani ya Kärcher: bar 110 kwa juu kabisa, lita 360 kwa saa, yaani lita 6 kwa dakika, na wati 1,400. Mashine ya namna hiyo, iwe ya kampuni yoyote, inaosha IST bila shida. Ukipata inayotoa lita 7 au 8 kwa dakika kwa presha ileile utamaliza haraka zaidi, hasa ile Noah na matope yanayoganda ndani ya matao ya matairi. Ukiniuliza mimi, ningeongeza fedha kwa ajili ya lita kabla ya kuongeza hata bar moja.

Kuhusu simtanki. Mnara wa mita tatu unakupa presha ya takriban bar 0.3, ambayo ni ndogo lakini inatosha kusukuma maji yafike kwenye mashine iwapo bomba si refu sana wala si jembamba. Fanya jaribio kabla hujaenda dukani: weka ndoo ya lita 10 chini ya bomba la nje, fungua mpaka mwisho, utazame saa. Ikijaa kabla ya dakika moja, maji yanatosha kwa mashine ndogo. Ikichukua dakika mbili, mashine itakuwa inadai maji yasiyokuja, utasikia mlio wake unabadilika na maji yatatoka kwa kushtukashtuka kama mtu mwenye kwikwi. Hapo ni bora ununue inayoweza kunyonya yenyewe, uiwekee pipa karibu. Muulize muuzaji swali hilo waziwazi, kwa kuwa si zote zinazonyonya, na nyingi za nyumbani zinazonyonya haziwezi kuvuta kutoka kina kinachozidi nusu mita. Pipa liwe usawa mmoja na mashine au juu yake. Halafu chujio la mdomoni usiliondoe hata siku moja kwa kisingizio kwamba linapunguza kasi. Ile mashine ya mchanga niliyoitaja iliondolewa chujio kwa sababu hiyohiyo, na pistoni zake tatu sasa zina mikwaruzo unayoweza kuihisi kwa ukucha.

Jambo moja linasahaulika: simtanki jeusi lililopigwa jua tangu asubuhi. Mashine nyingi ndogo hazitakiwi kupewa maji yanayozidi nyuzijoto 40, na maji yaliyolala kwenye mpira juani saa nane mchana yanaweza kuzidi hapo. Osha asubuhi.

Sasa tofauti ya bei, na hapa ndipo penye fedha zako. Mashine za bei ya chini hutumia mota yenye kaboni, yaani vipande vidogo vinavyosugua ndani kupitisha umeme, ile inayopiga kelele kama blenda. Inazunguka kwa kasi kubwa sana, ni nyepesi, lakini kaboni zinalika na joto linapanda upesi. Haikuundwa kufanya kazi mfululizo kutwa nzima. Za bei ya juu zina mota ya induksheni, isiyo na kaboni, ambayo kwa umeme wetu wa mizunguko 50 kwa sekunde huzunguka chini kidogo ya mara 3,000 kwa dakika. Ni nzito, ni tulivu, na huishi miaka mingi zaidi. Utaitambua hata kabla haijawashwa: inyanyue. Mashine ndogo inayokuchosha mkono mmoja huenda ina mota ya induksheni. Ile unayoining'iniza kwa vidole viwili ni ya kaboni, hata boksi liseme nini.

Lakini sikushauri ukimbilie induksheni bila kufikiri, kwa sababu umesema umeme unashuka jioni. Mota ya kaboni ikipata umeme hafifu hupungua kasi, basi. Ya induksheni ikipata umeme hafifu huvuta ampea nyingi zaidi, inachemka, na wakati mwingine inashindwa kuanza, inabaki ikinguruma mahali pamoja mpaka waya za ndani ziungue. Ukiichukua hiyo, osha saa ambazo umeme umetulia, na ukisikia mngurumo bila mzunguko, zima mara moja.

Waya wa mita 18 ni jambo la lazima, si la hiari. Nunua ekstensheni yenye nyaya za milimita za mraba 2.5, tena yenye ethi, na uikunjue yote hadi mwisho, kwani waya uliozungushwa kwenye gurudumu lake hupata joto. Zile nyeupe nyembamba za kuchajia simu ndizo zinazoniletea wateja. Ukiweza, mwite fundi umeme akufungie soketi ya nje yenye kifuniko, ikiwa na kifaa cha kukata umeme unapovuja cha miliampea 30. Utakuwa umesimama kwenye maji umeshika bunduki ya chuma; hapo hakuna cha kubana matumizi.

Mwisho kwa leo, kabla ya kulipa muulize muuzaji swali hili: "Oringi (zile pete za mpira za kuzuia kuvuja), sili za pampu na bunduki ya mashine hii unauza?" Akisema zitaagizwa, jiulize kama uko tayari kusubiri. Pampu yenye kichwa cha shaba au aluminiamu inafunguka na kutengenezwa, ile yenye kichwa cha plastiki ikipasuka mara nyingi habari yake imekwisha.

Ndoo_Mbili

Kwa heshima ya fundi, mimi naona mashine yote hii ni gharama isiyo ya lazima. Nina Vitz, ninaiosha kwa ndoo mbili, moja ya shampuu na moja ya kusuuzia kitambaa, natumia lita 40 hivi, na rangi yake ya mwaka 2008 bado inang'aa. Hata hao wenye mashine wakimaliza kupiga maji, pitisha kidole kwenye mlango ukaone: bado kuna utando wa vumbi ambao hautoki mpaka upanguswe kwa mkono. Sasa kama mkono ni lazima, mashine ya nini?

FundiPampu_Moro

Hapo kwenye utando umesema kweli, wala sina ubishi. Ila kazi ya mashine ni ile inayotangulia mkono. Gari lililotoka kwenye matope ukilipangusa kwa kitambaa kabla mchanga haujaondoka, unalipiga msasa. Yule anayeishi kwenye lami kama wewe anaweza kumaliza na ndoo. Mwenye mita mia nane za udongo anahitaji kitu cha kung'oa mchanga bila kuugusa. Na kwa upande wa maji si mengi kama unavyodhani: kidole kinakaa kwenye kifyatulio dakika nane hivi kwa gari moja, na kwa lita 6 kwa dakika hiyo ni lita 48.

MkaziWaGoba

Nashukuru sana, fundi. Nimefanya jaribio la ndoo asubuhi hii: lita 10 zimejaa kwa sekunde 52, nikaona nimepona. Nikakumbuka, hata hivyo, jambo ambalo sikulisema mwanzoni. Bomba likikatika kwa muda mrefu tunanunua maji ya boza, na maji hayo mara nyingine hutoka kwenye visima vyenye chumvi, ukiyaonja utajua. Je, yanafaa kwa mashine na kwa gari?

Baharia_Kisauni

Salaam kutoka Mombasa, bwana Goba. Swali la chumvi tuachie sisi wa pwani, tumeoga nayo tangu utotoni. Visima vingi vya huku Kisauni vina maji ya chumvi, na kwa miaka miwili nimekuwa nikiosha Probox yangu kwa maji hayo, kwa hiyo nitakueleza nilichokiona mimi mwenyewe.

Gari lililooshwa kwa maji ya chumvi na kuachwa likauke juani hubaki na madoadoa meupe, hasa kwenye vioo na boneti, na ukiyaacha wiki nzima huwa hayatoki kwa kupangusa tu. Baya zaidi ni chini, mahali usipopaona: presha inaisukuma chumvi ndani ya maungio ya bodi, nayo hukaa huko ikila chuma taratibu. Kwa hiyo maji ya chumvi mimi nayatumia kutoa tope la kwanza pekee. Suuzo la mwisho ni la maji matamu, ya mvua au ya mji, debe moja la lita 20 ambalo naliweka kando kabla sijaanza, nakausha kwa taulo papo hapo. Debe hilo nalo nalipitishia kwenye mashine, maana kuna faida mbili: gari linasuuzika, na pampu inasafishika. Maji ya chumvi yakikaukia ndani ya pampu huacha chenga zinazokwaruza sili kila unapoiwasha. Baada ya kufunga maji nazima umeme kisha nabonyeza kifyatulio mpaka presha iliyobaki itoke. Mashine isilale na presha tumboni.

Sasa rangi, kwa kuwa nimeona hakuna aliyeigusa vya kutosha. Magari yetu haya yametumika ng'ambo kabla ya kufika bandarini, na mengi yamepigwa rangi upya hapa na pale. Rangi ya kiwandani iliyo nzima inavumilia. Isiyovumilia ni ile iliyopigwa juu ya puti, au mahali ambapo kijiwe kimeshafungua kidonda kidogo. Mwaka wangu wa kwanza nilisogeza nozeli kwenye bampa ya nyuma, karibu kama upana wa kiganja, nikitaka kutoa kinyesi cha ndege. Kipande cha rangi kikabanduka kama ganda la yai lililochemshwa, nami nikabaki nimeshika bunduki nikikitazama kikielea kwenye povu. Tangu siku hiyo sikaribii chini ya sentimita 30, iwe ni bodi au ubavu wa tairi. Tairi nalo linaumizwa: ukiona mpira umebadilika rangi mahali ulipopiga, umeshaanza kuliharibu.

Nozeli ndizo zinazoamua zaidi kuliko mashine yenyewe. Kama mashine yako inakuja na zile za rangi, namba zake ni nyuzi za upana ambao maji yanatawanyika: nyekundu ni ya nyuzi 0, yaani mshale mtupu. Ifungie kabatini, gari halina kazi nayo. Njano ni 15, kijani ni 25, nyeupe ni 40, na nyeusi ni ya sabuni. Nyeupe ndiyo ya bodi. Kijani naitumia kwenye rimu na matao ya matairi. Ile nozeli inayozunguka, ambayo wauzaji huionyesha kwa fahari, ni ya sakafu za saruji, usiielekeze kwenye gari lako hata kwa utani.

Usipige maji ya presha kwenye injini. Alteneta, soketi za sensa na koili hazikutengenezwa kwa hilo, na mapezi ya rejeta hulala kama nyasi zilizokanyagwa. Raba za milango ya Noah, zile za kuteleza, zipige kwa mbali na kwa ubapa, la sivyo utakuta zulia limelowa.

Na sabuni isiwe ya unga wa kufulia. Inang'oa nta yote, kisha unashangaa kwa nini gari limefifia. Tafuta shampuu ya magari pamoja na kopo la povu, paka, subiri dakika tatu au nne kivulini bila kuacha povu likauke, suuza kuanzia juu kushuka chini.

MamaWawili

Samahani kwa kuingilia mazungumzo ya akina baba. Nina neno moja tu la usalama, kwa sababu mwenye mada amesema ana familia. Mdogo wangu alitaka kuondoa tope kwenye kandambili yake akiwa ameivaa, akajipiga mguuni kwa mashine kama hizi. Alama ilikuwa ndogo, mfano wa kuchomwa na mwiba, tukacheka. Usiku mguu ukavimba, na daktari aliyempokea alitueleza kwamba maji ya presha yanaweza kupenya ngozi na kuingiza uchafu ndani ya nyama ingawa tundu la juu halionekani kuwa kitu, na kwamba tungepaswa kumpeleka saa ileile. Kwa hiyo vaeni viatu vya kufunika, na kitasa cha kufungia kifyatulio kifungwe kila mnapoiweka chini. Watoto huiona kuwa bunduki ya kuchezea.

MkaziWaGoba

Nimerudi kutoa taarifa, wiki tatu baadaye. Nilinunua ya mota ya induksheni, wati 1,800, presha ya kazi bar 100, lita 7 kwa dakika, kichwa cha pampu cha shaba, kwa shilingi 520,000 pamoja na kopo la povu. Kilichoniamulia ni kwamba muuzaji alifungua droo akanionyesha pakiti ya oringi na sili za mashine ileile, akaniuzia pakiti moja kwa 8,000. Ekstensheni ya 2.5 ilinigharimu zaidi ya nilivyotegemea, nikanung'unika, nikalipa. Umeme sioni kama ni mzigo, kwani kwa dakika 20 za kuwaka mashine hii haifikishi hata yuniti moja.

Noah ilitoka Bagamoyo Jumapili ikiwa na tope hadi kwenye vioo. Nilianza na matao ya matairi kwa nozeli ya kijani, udongo ukadondoka vipande vipande kama matofali mabichi, kisha bodi kwa nyeupe, povu, na mkono kama Ndoo_Mbili alivyosema. Mlango wa kushoto wa nyuma niliupigia mbali, kwa sababu ninajua ulishanyooshwa.

Tatizo moja. Pale mpira wa presha unapoingia kwenye mashine kunadondoka maji, tone moja kila sekunde mbili au tatu, na ninapoachia kifyatulio mota inazima kisha inajiwasha yenyewe kidogo baada ya muda mfupi. Je, nikaze kwa spana?

FundiPampu_Moro

Usitie spana hapo, utapasua kiungio. Mashine inajiwasha kwa sababu presha inashuka kupitia kwenye hayo matone, nayo inadhani umebonyeza. Zima, toa presha, fungua kwa mkono, utakuta oringi nyeusi ndogo mwishoni mwa mpira. Ifute, itazame kama imekatika au imelala upande, ipake grisi ya silikoni kidogo, si ya magari, irudishe. Ikiendelea kuvuja, badilisha kwa ile pakiti ya 8,000.

MkaziWaGoba

Ilikuwa imekatika. Nimebadilisha, imekauka.